Kiti cha Steringi

Tarehe 3 Machi

Dada yangu mpendwa,

Salamu sana, pamoja na Baba. Mimi mzima wa afya, na juu ya afya nina bahati. Bahati imeniganda kama kupe kwenye sikio la ng'ombe, hata nikijikuna haitoki.

Sikiliza. Watu wa mji huu wanapanga foleni jua la utosini ili waone picha moja kwa mwezi. Mdogo wako anaziona zote zinazoletwa, bila foleni, bila tiketi. Jumba letu la sinema lina milango minne na ngazi za kung'aa, na ndani yake nina kiti changu mwenyewe. Namba kumi na mbili, safu ya katikati, kitambaa chekundu laini kama shavu la mtoto mchanga. Pa kuegemeza mikono papo pande zote mbili, na pote ni pangu. Kazi yangu ni mshauri wa picha. Ni cheo kipya, huko kwenu bado hakijafika. Meneja haanzishi picha mpaka achungulie kama nimeshakaa. Juzi nilichelewa, watu mia tatu wakaningoja. Sipendi makuu, niliwapungia mkono tu.

Wiki hii nimeona tatu. Moja ya vita. Askari anarudi kwao, anafungua geti, mbwa wake anamnusa viatu, kisha anaenda zake kulala. Basi, majina yakaanza kupanda. Watu walitoka wanapenga kamasi. Mimi nilijiuliza wanalia nini, mbwa mwenyewe hajamng'ata mtu.

Ya pili ya kuchekesha. Keki ya harusi inashuka ngazi, moja baada ya nyingine, imesimama wima kama bibi harusi, na bwana harusi anaipokea chini kwa mikono miwili. Nilicheka mpaka mbavu zikaomba talaka.

Ya tatu ya kutisha. Mwanamke anafunga nyumba, anatupa funguo mtoni, anaondoka bila kugeuka. Ndani kumebaki nini, mimi sisemi. Anayetaka kujua akakate tiketi.

Mwambie Baba mwanawe hajamwangusha. Nimeingia kwenye sinema kwa mlango wa mbele.

Mdogo wako,
Steringi


Tarehe 14 Machi

Kwako Steringi wetu, shujaa wa picha zote,

Barua yako ilinikuta na pini mdomoni, nusura nizimeze. Mshauri wa picha, wewe? Wewe uliyekuwa huwezi kushauri kuku aingie bandani?

Ulisema siku ulipoondoka kwamba ni heri upige simu kuliko kuandika. Baba hataki. Anasema maneno ya simu yakipita yamepita, lakini barua unairudisha nyuma kama mkanda. Anakaa pembeni ya cherehani yangu kila asubuhi, na hiyo barua yako nimeirudisha nyuma mara tano. Ile ya mbwa ameitaka zaidi. Anasema huyo mbwa ndiye aliyekuwa mkweli kuliko wote, kwa sababu vita vimembadilisha askari harufu.

Leo nilipokuwa nashona nilikikumbuka chumba cha mashine kule sinema ya kwetu, Baba alipokuwa fundi wa kuonyesha picha. Zile ngazi za chuma, lile joto, harufu ya mafuta, na sisi wawili tumekalia makopo ya mikanda. Ukuta una matundu mawili tu, moja la mwanga na moja la jicho la Baba. Akigeuka kubadilisha mkanda, mimi naruka nachungulia, nakutangazia kinachoendelea, na wewe unaweka maneno, maana mle ndani hakuna aliyewahi kusikia kitu zaidi ya ngurumo ya mashine. Yule jambazi ulimpa sauti ya mwalimu wetu wa hesabu. Baba alicheka hadi akasahau mkanda, pazia likabaki jeupe na ukumbi mzima ukampigia miluzi.

Na Tamati, unamkumbuka? Yule mfagiaji aliyekuwa anasimama kwenye pazia la mlango na fagio lake, akingoja dakika kumi za mwisho. Picha zote za dunia alizijua miisho. Wewe ulikuwa unamwigiza, umepinda mgongo na kijiti mkononi, "wameoana, haya tokeni nifagie." Baba alikukamata sikio akakufagiza safu tano. Ulilia safu nne.

Sasa jambo lenyewe, ambalo nimelizunguka kama mtu anayetafuta mwanzo wa uzi. Ni macho ya Baba. Nilikuwa nadhani ni uzee tu, mpaka alipoanza kunipa uzi mweusi nikimwomba wa bluu. Nimempeleka hospitali. Daktari anasema ukungu huo hauondoki, na kabla mwaka haujaisha utakuwa umefunga kabisa. Baba mwenyewe anafanya mzaha. Anasema taa za ukumbi zinazimwa, ina maana picha inakaribia kuanza.

Lakini jana alisema jambo bila mzaha. Alisema miaka thelathini na moja amewaonyesha watu picha, na yeye hajaona hata moja nzima. Kila dakika ishirini alikuwa anageuka kubadilisha mkanda, na sauti hakuwahi kuisikia. Kisha akaniomba nimrudishie ile ya keki.

Dada yako


Tarehe 25 Machi

Dada,

Nimeisoma barua yako nikaiweka mfukoni, nikaitoa tena nikaisoma. Leo sina utani mwingi, nina kidogo tu wa kusukumia siku.

Jana nimeona picha ya stesheni. Mzee amesimama amevaa koti kubwa, na kuna baridi. Treni inaingia, watu wanashuka, wanakumbatiana, wanaondoka, yeye anabaki. Nikasema basi, hakuna mtu. Halafu kutoka behewa la mwisho kabisa anashuka binti mwenye sanduku lililofungwa kwa kamba. Wanatazamana. Binti anasema, "Baba, nimerudi." Mzee anavua koti, anamvisha binti, anabeba sanduku, wanaondoka. Treni nayo inaondoka. Mwisho.

Dada, nililia. Mimi, mwanamume mwenye ndevu. Nilijifanya nimeingiwa na vumbi, na mle ndani vumbi ni jambo la kuaminika. Niliona kama ni Baba yule, na huyo binti ni mimi, ila mimi sina sanduku zuri kama lile.

Mwambie Baba asihuzunike. Picha nzima ataiona, tena siyo kwa tundu. Ningekuwa karibu ningemkalisha kwenye kiti changu, namba kumi na mbili, nikamwekea na mto mgongoni, nikasimama nyuma yake kama askari wa ikulu. Angetazama kuanzia taa zinapozimwa hadi jina la mwisho la fundi wa mwisho. Na angesikia kila neno. Wasiwasi wangu ni mmoja tu, asije akagundua kwamba wale watu hawakuwa wanaongea vizuri kama nilivyokuwa nawaongelea mimi.

Mdogo wako,
Steringi


Tarehe 4 Aprili

Kwako mdogo wangu,

Umemponya mzee. Nilipofika pale penye kiti chako na mto, Baba alinizuia kwa mkono, akasema, "Rudia hapo." Nikarudia. Akasimama, akaenda kwenye kabati akipapasa, akatoa lile koti lake la kijivu alilokuwa analivaa siku za picha mpya. Akasema, "Tunakwenda."

Nilidhani ni maneno. Kesho yake amenivuta mpaka stendi, tumekata tiketi za basi. Tutaingia huko Jumanne tarehe 10 Mei, saa sita mchana. Picha tutaona Jumatano, tutarudi Alhamisi. Usihangaike na pa kulala, nina rafiki niliyejifunza naye ushonaji, anakaa huko na ametukaribisha.

Nimemwambia Baba koti limekuwa kubwa, amepungua sana, nilibane mabegani na ubavuni. Amekubali. Jioni nzima amekaa akiwahesabia majirani viti, kwamba kutoka safu ya katikati unaona bila kupinda shingo, na kwamba wajinga wote hukimbilia mbele. Anawaambia, "Mwanangu ndiye mwenye kiti." Jirani mmoja alimuuliza kama ni kiti cha kukodi, wakakosana.

Ila ana swali. Anataka kuchagua picha mwenyewe, na ameipenda ile ya stesheni. Anauliza inaanzaje. Anasema umetusimulia vizuri anaposhuka binti, lakini mzee yule alifikaje pale?

Dada yako


Tarehe 12 Aprili

Dada mpendwa,

Nimefurahi mno, furaha imenipanda hadi kichwani. Lakini safari ya kuharakisha huzaa majuto, na mimi kama mwenyeji lazima niwaeleze hali ilivyo.

Kwanza, jumba linapakwa rangi mwezi wa tano. Harufu yake si nzuri kwa mzee. Pili, kiti changu kimepata hitilafu ya springi, imechomoza, inachana suruali za watu, na fundi wake ni mmoja na yuko likizo. Tatu, meneja kafiwa na shangazi, na bila meneja hakuna wa kuwapokea kwa heshima mnayostahili. Nne, kuna mvua zinakuja, wenyeji wanasema za mwaka huu hazina adabu. Tano nimeisahau lakini ilikuwa kubwa kuliko zote.

Kwa nini tusingoje mwezi wa nane? Au wa tisa?

Kuhusu ile ya stesheni, mwanzo wake ni rahisi. Inaanza harusini. Binti anampenda kijana asiye na mbele wala nyuma, mzee anakataa, wanagombana mbele ya wageni, binti anapanda treni akiwa bado na shela kichwani. Miaka inapita, yule kijana anamtupa. Ndipo binti anarudi. Picha nzuri lakini ya kawaida, Baba hatapoteza kitu asipoiona.

Mwambie asibane koti bado. Nguo ikibanwa mapema huleta nuksi.

Mdogo wako anayewapenda,
Steringi


Tarehe 20 Aprili

Mdogo wangu,

Barua yako imefika, na springi zake zote.

Mwanamke wa saluni, yule anayepakana na kibanda changu cha kushonea, ana shemeji anayemletea picha kabla hazijapoa. Usiniulize anazitoa wapi. Jumamosi alikuwa anayo ile ya stesheni. Tukaingia, mimi na Baba. Runinga yake ni ndogo kama sinia, Baba aliona rangi tu zinapita, basi nikamsimulia kama zamani, na yeye akawa anauliza kama wewe ulivyokuwa unauliza.

Hakuna harusi, mdogo wangu. Hakuna shela. Inaanza na karani wa posta anamletea mzee karatasi. Binti yake amefia ugenini. Mzee anaisoma, anaikunja mara nne, anaitia mfukoni mwa lile koti, na hamwambii mtu. Halafu zinaanza kuja barua. Zimeandikwa kwa jina la binti, mimi mzima, nimepata kazi nzuri, nina nyumba yenye roshani. Anayeziandika ni rafiki aliyekuwa akiishi naye chumba kimoja, amemwonea mzee huruma, hajui kwamba karatasi ilishafika. Mzee anazijibu zote. Anauliza hata roshani inatazama upande gani. Mwishoni rafiki huyo amefukuzwa kazi, hana pa kwenda, anaandika kwamba anarudi nyumbani. Anayeshuka kwenye treni siyo binti yake. Na mzee tangu mwanzo alilijua hilo. Ndiyo maana anangoja mpaka watu wote waishe.

Picha ilipokwisha, tulimshukuru mwanamke wa saluni tukatoka. Tulipokuwa njiani kurudi Baba akaniambia nimsomee tena barua zako zote, kuanzia ile ya mbwa. Nikasoma. Askari anafungua geti. Keki inashuka ngazi. Mwanamke anatupa funguo. Binti anashuka kwenye treni.

Baba akasema, "Zote miisho. Kule kwetu aliyejua miisho mitupu alikuwa mmoja."

Mimi nilikuwa sijaelewa, niseme kweli. Nilipoelewa, mkono ulisimama juu ya kitambaa. Nilitaka kucheka, kisha nikataka kuja nikutandike, kisha nikakumbuka vile ulivyolia safu nne.

Baba hakucheka wala hakukasirika. Alivua lile koti, nilikuwa nampima mabega, akanikabidhi. Nayaandika maneno yake kama alivyoyasema, maana alinifanya niyarudie nisije nikayakosea:

"Usilibane. Liache na upana wake. Mwambie tunakuja tarehe ile ile, na koti litamtosha."

Dada yako


Tarehe 27 Aprili

Dada,

Barua yako niliisomea stoo, nimekalia ndoo iliyopinduliwa. Barua ya kujibu nimeiandika mara tatu. Ya kwanza ilisema huyo mwenye saluni ameuziwa picha bandia, yenye mwanzo wa kughushi. Ilikuwa nzuri sana, nusura niiamini mwenyewe. Nikaichana. Katika ya pili nilivunjika mguu. Hiyo nayo nikaichana, kwa kuwa nilijua mngekuja na magongo.

Kuna jambo sikuwahi kukwambia kuhusu zile safu tano. Umesema nililia nne. Ya tano sikulia kwa sababu Tamati alishika upande wa pili, tukafagia pamoja. Hakunigombeza hata kidogo kwa kumwigiza. Tulipofika katikati akasimama, akaegemea fagio, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Wewe unakaa kule juu. Hebu niambie, ile inaanzaje?" Nikamwambia. Yaani nilimtungia, kwa sababu hata mimi mwanzo sikuwa nimeuona, zamu ya tundu ilikuwa yako. Alisikiliza mdomo wazi kama mtoto. Mwisho akasema, "Kumbe. Ndiyo maana walilia." Akaendelea kufagia kwa furaha kabisa. Miaka yote nimemkumbuka kwa kucheka. Wiki hii ndiyo mara ya kwanza kumkumbuka kwa kumwelewa.

Mimi huku nasimama mahali kama alipokuwa anasimama yeye kule, kwenye pazia la mlango. Dakika kumi kabla ya mwisho tunaruhusiwa kuingia, tusubiri taa ziwake. Hizo dakika kumi ndizo nilizowaandikia. Mengine yote natunga nikiwa nasukuma bisi chini ya viti, na sijambo kwa kutunga. Ila lile la stesheni nililia kweli, Dada. Hilo usilitie kwenye hesabu ya uongo. Sikujua mwanzo wake na bado nililia.

Leo asubuhi nilimwendea mama anayetusimamia. Tunamwita Funguo, maana anazo kiunoni nyingi na zinamtangaza kabla hajafika. Nilimweleza yote, macho ya Baba, matundu mawili, miaka thelathini na moja. Nilitegemea atanifukuza. Akauliza tu Baba alikuwa anatumia mashine ya aina gani, kumbe naye mume wake wa kwanza alikuwa fundi wa mashine. Akasema Jumatano saa nane mchana ukumbi huwa nusu mtupu, zamu yangu ataishika mwingine, tuingie watatu na tukae tunapotaka. Nikamuuliza, hata namba kumi na mbili? Akaniambia nisijifanye sijui, ile springi imechomoza tangu mwaka juzi. Katika yote niliyowaandikia, springi ilikuwa ya kweli. Hakuna anayekikalia kiti kile. Ndipo ninapoegemezea fagio.

Basi tutakaa kumi na tatu, kumi na nne na kumi na tano. Baba katikati. Picha ya siku hiyo siijui, na mwisho wake nimekataa kabisa kuuona. Nimemwomba mwenzangu asimame yeye pazia la mlango wiki hiyo. Nataka tuanze sote sawa, taa zikizimwa. Kama macho yatamsumbua, wewe utamtangazia kinachopita. Kama wale watu wataongea ovyo, mimi nitamnong'oneza maneno mazuri zaidi.

Nitawangoja stendi Jumanne, saa sita. Mtaniona tu, nitakuwa nimevaa shati la kijani lenye jina la jumba mgongoni. Ndilo nililo nalo. Hata watu wote wakiisha, msiondoke, nipo. Na koti alilete na upana wake.

Ile barua yangu ya tarehe tatu Machi usiichome. Msomee Baba tena, kwa sababu ile ya mbwa anaipenda. Ukimaliza, msomee na hii mistari ya chini, polepole, asihitaji kukurudisha nyuma.

Baba, mimi si mshauri wa kitu chochote. Meneja hanijui hata kwa sura. Hakuna aliyewahi kuningoja, siyo watu mia tatu wala mmoja. Kiti sina, na sijawahi kuwa nacho. Mimi ni mfagiaji.

Mwanao